Dumu Moja la Ng'oa

Kaeni vizuri, maana hamtoki. Nje kuna mvua, ndani kuna mimi, na mihogo hii haipakuliwi mpaka mniamulie jambo linalokosesha watu raha mtaa mzima. Mkubwa kwa mdogo, kila mwenye mdomo atajibu. Ila nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaufungua huo mdomo. Sababu mtaijua wenyewe.

Mjini kwetu wapo wanawake watatu, na kila mmoja Mungu kampa chake.

Wa kwanza ni Kabula, naye kapewa pua. Mpelekee mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, atanusa tu na kukwambia yalikaanga nini, kama ni chipsi au samaki au maandazi, na kama mwenyewe aliyachosha moto mpaka yakaungua. Alikuwa anapita vibanda vyote pale malori yanapolala, anakusanya mafuta machafu ambayo sisi wakaangaji tulikuwa tunayamwaga mtaroni. Mimi huyu mafuta yangu aliyakataa mbele ya wateja. Simpendi, sifichi. Lakini leo nasimulia haki, na haki ni kwamba pua anayo.

Wa pili ni Nyamizi, na chake ni mkono. Mafuta aliyoletewa na Kabula aliyachuja, akayachemsha mpaka maji yote yakatoka, akayaacha yapoe. Halafu, mbali kabisa na moto, akayatia spiriti na kostiki soda, akakoroga na kuyaacha yatulie. Yakishatulia yanajigawa yenyewe. Chini inakaa gliserini, nzito na nyeusi kama asali ya msituni, hiyo alitengenezea sabuni na mafuta ya kupaka miguu iliyopasuka. Juu yanaelea maji mepesi ya rangi ya chai ya rangi, na hayo ndiyo waliyoyaita Ng'oa. Yanang'oa rangi ya mlango, gundi, grisi iliyokauka, hata lami iliyogandia kwenye bodi la gari. Msinikodolee macho. Ni mafuta yale yale mliyokulia chipsi, ila yamepita mkononi mwa mtu anayejua. Watu wengine walijaribu kumwiga wakapata uji tu.

Wa tatu ni Hidaya. Huyu mwembamba, ana mikono mirefu, na hatetemeki. Ndiye aliyeipeleka Ng'oa gereji. Alikuwa anajipaka grisi mikono yote miwili mbele ya mafundi, anajimwagia Ng'oa, anajifuta kwa kitambaa, kisha anawaonyesha viganja bila kusema neno. Mafundi wakanunua. Nyoka akiingia dukani kwa mtu, anaitwa Hidaya, mtoto akitumbukia chooni anaitwa Hidaya, na Hidaya anakwenda.

Hao ndio watatu. Sasa njooni kwenye shimo.

Mnakumbuka barabara ilipojengwa. Mkandarasi alipomaliza kipande chake akaondoka na mitambo yake, ila lami iliyobaki aliimwaga kwenye shimo nyuma ya mji na kuiacha wazi. Upepo wetu huu ukaleta vumbi, vumbi likaifunika, majani makavu yakatua juu yake, na baada ya muda ukipita pale unaona uwanja tu. Asubuhi na jioni lami ile ni ngumu kama sakafu, mbuzi wanavuka. Mchana jua likiwaka inalegea.

Mwajabu, mke wa dereva wa lori, alikuwa na mimba pevu, tumbo limekwisha kushuka. Mumewe alikuwa safarini. Mchana ule mbuzi wa mama mkwe wake alikata kamba, Mwajabu akamfuata polepole na tumbo lake, akamwona amesimama katikati ya uwanja analia. Akaenda kumshika. Alipotambua kwa nini mbuzi hasogei, yeye mwenyewe alikuwa amezama mpaka magotini.

Mtu akinasa kwenye lami kosa lake ni kujaribu kuchomoa mguu. Unavuta mmoja, mwingine unazama zaidi. Mwajabu alivuta. Watu waliposikia sauti na kufika, lami ilikuwa mapajani. Vijana wawili wakaingia mbio, wakaacha viatu humo na kutambaa kurudi. Likaletwa wazo la kamba. Wakampitishia kwapani, kundi zima likavuta, na yule dada akapiga ukelele ambao mimi bado nausikia, akiwaambia wanamng'oa mtoto. Wakaiachia kamba. Mtu mmoja, sitamtaja, akaja na petroli. Nyamizi alifika wakati ule ule, akalipiga teke dumu la petroli likamwagikia vumbini, maana palikuwa na wanaume wanavuta sigara hapo hapo, na hata bila moto, petroli ingemchubua dada wa watu ngozi yote na kumlevya kwa mvuke wake.

Basi watu wakasimama pembeni. Mji mzima umesimama ukingoni, na mtu tunamwona, tunasikia anavyopumua, mkono ukinyoosha unakaribia kumgusa, na hakuna la kufanya. Nimeishi miaka mingi sijawahi kuona aibu ya namna ile. Na jua lilikuwa limeanza kushuka, tukajua likizama lami itakaza, na ikikaza imemkaza na yeye ndani yake. Hapo ndipo uchungu ukamshika.

Sasa sikilizeni alichosema, maana shida yote imetoka hapa. Uchungu wa pili ulipompitia, Mwajabu aliinua uso akasema kwa sauti, mji mzima ukisikia:

"Atakayenitoa humu nikiwa hai, mtoto huyu ni somo wake. Jina lake ndilo jina la mtoto."

Wageni mlioko hapa mjue, kwetu somo si mchezo. Ukimpa mtoto jina la mtu, yule mtu na mtoto ni mmoja. Anamwita "mimi". Mtoto akikua ndiye anayemwogesha somo wake uzeeni na kumshika mkono akishindwa kutembea. Na mtu ana somo mmoja.

Dumu la Ng'oa lilikuwepo moja tu mji mzima. Moja. Na lilikuwepo kwa sababu ya Kabula.

Mwezi ule kulikuwa na muuzaji aliyetuletea mafuta ya bei rahisi, kumbe yamechanganywa na mafuta ya transfoma. Sisi tulinunua kwa nia njema kabisa, msiniangalie hivyo. Kabula akapita vibandani, akanusa, akakataa ya kila mtu. Nyamizi na Hidaya walimbembeleza achukue hivyo hivyo, gereji wanasubiri. Akawaambia hayo hayatageuka kitu, yatakaa kwenye pipa kama yalivyo. Wakaangaji tukamnunia, hakuna aliyemsalimia tena, mimi nikiwa wa mbele. Akaondoka kwa miguu kwenda vijiji vya bondeni, huko kwenye misiba na harusi, akaomba mafuta ya vyungu vya wapishi, kikombe hapa, kibakuli pale, akarudi na dumu kichwani na shingo haigeuki. Asingefanya hivyo, siku ile tungekuwa na pipa zima la mafuta ya transfoma na mtu anakufa mbele yetu.

Yale mafuta Nyamizi akayageuza. Wakati anachanganya, kostiki ikamrukia jicho la kushoto. Aliliosha kwa maji haraka, lakini jicho halikurudi, na la kulia nalo sasa linamwonyesha ukungu. Hata hivyo hakuacha kazi. Ng'oa ilipotulia aliiosha kwa maji, akaiacha, akaiosha tena na tena mpaka kostiki yote ikaisha. Hidaya alimwuliza kwa nini ajisumbue, chuma cha gari hakina ngozi. Nyamizi akajibu kwamba anayeshika chuma anayo. Kwa hiyo siku ya shimo ile Ng'oa ilikuwa kitu ambacho unaweza kumpaka mama mjamzito na isimchome. Nyamizi akaomba masufuria ya maji ya moto, akalizamisha dumu humo mpaka likapata joto, maana alijua ya moto inafanya kazi haraka kuliko ya baridi. Alipapasa dumu kwa shavu, kwa kuwa macho hayakumtosha, na alipoona tayari akasema lipelekwe.

Lakini nani alipeleke? Wanaume ni wazito. Hidaya alikuwa amekwisha kung'oa mlango wa nyumba yake, na wa jirani. Mlango wa kwanza akausukuma mpaka kwa Mwajabu ili aulalie kifua, asizidi kuzama. Wa pili akaulalia mwenyewe kifudifudi, akajivuta juu ya lami. Akaanza kumimina kidogo kidogo pale ngozi inapokutana na lami, na kusugua kwa kiganja. Lami ikawa tope, tope likawa maji meusi, akachota kwa mkono na kutupa pembeni, akamimina tena. Mkono ukazama mpaka kwapani. Nywele zake, zile alizokuwa amesuka vizuri, zikaangukia kwenye lami zikashikwa, akaomba kisu akazikata pale pale bila kuinua kichwa. Mlango ulianza kuzama upande mmoja, tukamwambia atoke, akakataa. Kila uchungu ulipomjia Mwajabu, Hidaya aliacha kusugua, akamshika mkono na kumwambia apumue, kisha akaendelea.

Jua liligusa vilima. Lami ikaanza kukaza, tukasikia inalia. Dumu lilikuwa limebaki na Ng'oa kidogo tu ya kuchezea chini. Hidaya akalimimina lote kwenye mguu uliobaki, akamkumbatia Mwajabu kiunoni, na sisi tukavuta ile milango miwili kwa kamba kwa pamoja. Yule dada akatoka. Alitoka mweusi kama sufuria ya shule, lakini alitoka mzima, na mtoto akazaliwa juu ya mlango wa Hidaya kabla hatujampandisha kwenye mkokoteni. Mtoto wa kike. Alilia tukalia wote.

Wewe mdogo umeuliza mbuzi. Mbuzi alibaki. Mama mkwe anamlilia mpaka leo.

Mngedhani hadithi imeisha, watu wamekula wamelala. Haijaisha. Mwajabu alitoka shimoni akaingia shimo jingine, na hili hakuna Ng'oa ya kuling'oa.

Familia ya mumewe ina desturi yake, na Bi Nyanzala, yule mama mkwe, haichezei. Mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke. Kikishadondoka, bibi anakifunga kwenye kitambaa na kusimama nacho mlangoni, na jina la kwanza litakalotamkwa na mdomo wowote, awe nani na awe amekusudia au hakukusudia, ndilo la mtoto maisha yake yote. Halifutiki. Ndiyo maana mume wa Mwajabu mwenyewe anaitwa Fundi, kwa sababu siku yake fundi wa bati alikuwa anaitwa ashuke kutoka juu ya paa.

Basi toka mtoto azaliwe, nyumba ile haina jina la mtu. Kila mtu anaitwa "wewe". Majirani wakibisha hodi wanaulizwa nani, wanajibu "mimi" na kunyamaza. Hata redio wameizima, isije ikamtaja mtu.

Na wale watatu wamo ndani. Kila mmoja alikuja na kanga yake ya kumpokelea somo, wakakuta wenzao wamekwisha kukaa. Hakuna anayetoka, kila mmoja anaogopa akitoka jina la mwenzake litatamkwa. Wanakula pamoja, wanalala mkeka mmoja, watu waliofanya kazi pamoja miaka, na hawatazamani. Katikati yao Mwajabu ananyonyesha, miguu imepakwa ile gliserini, na wa kumsaidia hana. Hawezi hata kumshukuru mmoja, maana ataonekana amechagua. Kaniambia mimi, nilipompelekea uji, kwamba kwenye lami angalau alijua watu wanataka atoke.

Kabula alisema yake kwanza. Alisema kila kitu kilianza na mafuta, na mafuta mabaya hayana mkono wala ujasiri utakaoyasaidia. Alichukiwa na mji mzima kwa ajili ya dumu lile. Kisha akasema jambo lililonigusa hata mimi nisiyempenda. Watoto wake wote aliwazika. Yeye akifa, jina lake limekwisha duniani.

Nyamizi akasema mafuta yaliyoletwa na mwenzake yalikuwa mafuta tu, hata ungemmwagia Mwajabu pipa zima usingemtoa kabla ya jua kuzama. Aliyeyageuza ni yeye. Na kama asingeyaosha, angetolewa mama aliyeungua. Akageuza uso upande wa sauti ya mtoto, maana sasa anaelekea kwa sauti, akasema giza linakuja, na siku litakapofika anataka kuwe na mkono mmoja duniani unaolazimika kumshika.

Hidaya alisema wa mwisho. Mikono yake mpaka leo ina mabaka, na kichwani nywele zinaota vipande vipande. Akasema dumu lililokaa ukingoni halimtoi mtu. Mwajabu alisema atakayenitoa, naye ndiye aliyemkumbatia na kumtoa. Halafu akasema kwamba yeye aliokotwa kituo cha malori akiwa mchanga, jina lake alipewa na mama wa mgahawa aliyekwisha kufa, hajui anatoka kwa nani. Kila mtu anamwita akiwa na shida na hakuna anayemwita akiwa na furaha. Anataka kuwa mwanzo wa mtu.

Mwajabu akawauliza wote swali moja tu.

"Nimwangalie nani, nisimwangalie nani?"

Kila mmoja akaivuta kanga yake karibu.

Na nyie msiniletee majibu ya mkato. Msiseme apewe majina matatu, nimeshasema mtu ana somo mmoja. Msiseme wapige kura, Bi Nyanzala kasema jina la mjukuu wake si bahati nasibu. Kijana mmoja wa gereji alisema mtoto aitwe Ng'oa, alifukuzwa kwa ufagio. Na yule mzee wa kona aliyesema Mwajabu akane kiapo chake, mwambieni kiapo kilisikika na mji mzima, na kilimtoka akiwa na mtoto anagonga mlango wa dunia. Akikikana, atamwambia nini huyu binti akimwuliza alizaliwaje?

Leo asubuhi nimepita pale. Kitovu kinaning'inia kwa uzi. Bi Nyanzala ameshika kitambaa mkononi, amekaa kwenye kizingiti, na nyumba nzima imefunga mdomo. Mwajabu kaniomba, kwa macho tu, nikawaulize watu wasio na upande, kisha nirudi nimnong'oneze. Nikamwitikia kwa kichwa. Ndiyo maana nimewafungia hapa.

Sasa mihogo imeiva. Nyumba yenyewe ni hiyo ya pili kutoka hapa, ukuta wa bati, na mvua inapungua, kwa hiyo kila linalosemwa humu linasikika kule. Naona mnatazamana. Wewe mwenye shati la bluu ulikuwa umekwisha kufungua mdomo, sasa umeuziba kwa kiganja. Vizuri, umeelewa.

Pua iliyokataa mafuta mabaya, mkono uliogeuza mazuri, au mwili uliolala juu ya lami? Wawili watatoka kwenye nyumba ile bila kitu, nao hawastahili kutoka hivyo. Mtoto mmoja atabeba jina moja mpaka kaburini. Kama Bi Nyanzala akisimama sasa hivi, na mdomo wa kwanza kufunguka ukawa ni wako, utamtaja nani?

Fikiri kwanza. Ukishasema, umeshasema.